Nusu ya Uso wa Mwansa

Vijana mnaopiga picha za harusi hapa Kampemba, nimewasikia mkicheka picha zetu za zamani. Mtu kasimama wima, mikono ubavuni, hacheki, viatu vyote viwili vinaonekana, na nyuma yake pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyafikia. Chekeni tu. Ila mkimaliza kucheka, nipeni nafasi niwaambie kwa nini alisimama hivyo, maana mimi niliifanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini na nilichelewa kulielewa jambo hilo. Kuchelewa kwangu kulimuumiza mama mmoja, na hadi leo sijapata namna ya kulitengeneza.

Nianze na miguu. Siku chache baada ya kufungua studio yangu kwenye mtaa wa Hewa Bora, alikuja jirani yetu, Mama Odette, amevaa viatu vipya vya ngozi nyekundu. Nilimpiga picha kuanzia kiunoni kwenda juu, uso ukajaa vizuri, nikajiona fundi. Alipokuja kuichukua, aliitazama, akaiweka mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja hadi ikanifikia.

"Papa Photo, miguu yangu uliiacha wapi? Bantu batasema sina bilato."

Nilijaribu kumweleza kwamba uso na macho vina maana kuliko viatu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akakaa kwenye kiti na kuniambia hatoki hapo mpaka nimpige tena. Nikampiga tena. Tangu siku hiyo, mteja akiingia, nilikuwa namkagua kwanza nione nini kipya mwilini mwake: kiatu, saa, jino la dhahabu, mimba. Kile kipya lazima kionekane, hata kama kinaharibu picha machoni pako. Yeye ndiye aliyekuja nacho, na ndicho kilichomleta.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kalenga. Wazazi wake na wangu walikuwa watu wa reli, Wakatoliki waliotoka kaskazini, upande wa Kongolo, na nadhani ndiyo maana alinichukua, kwa sababu mikono yangu ya wakati ule haikuwa ya kumpendeza mtu. Alikuwa na penseli nyembamba na wembe, na kwa vitu hivyo viwili alisafisha chunusi juu ya negativi ndogo kuliko kiganja cha mtoto, huku amebana pumzi. Nilipojaribu mimi mara ya kwanza, nilimtoboa padri shavu. Mzee Kalenga hakunigombeza. Alinituma nikamwombe padri aje tena, nimweleze mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba nimemtoboa, na kutoka pale studio hadi parokia nilitembea polepole sana.

Mzee huyo alikuwa na swali moja ambalo hakuacha kumuuliza mteja kabla ya kugusa mashine: "Photo itaenda wapi?" Mimi nililichukulia kama maneno ya uzee. Kumbe lilikuwa ndilo swali la kazi nzima. Picha ya kwenda ofisini haipigwi kama ya kwenda kwa mchumba, na ya kwenda kwa mchumba haipigwi kama ya kwenda kwa wazazi. Na karibu zote, mwisho wa safari yake, huenda mahali pamoja. Huku kwetu mtu akifa, jeneza likishapatikana, kinachotafutwa ni picha. Inakuzwa, inawekwa kwenye fremu yenye utepe mweusi, inasimamishwa juu ya jeneza siku za kilio, halafu ndugu mmoja anaibeba kifuani mbele ya msafara hadi makaburini. Wateja wangu walilijua hilo kuliko mimi. Akina mama walilisema wakicheka, huku wakijipaka poda: "Unipige muzuri, iyi njo ya kilio yangu."

Ndiyo maana walitaka macho mawili, masikio mawili na viatu. Walikuwa wanajiandaa kusimama mbele ya watu siku ambayo wenyewe hawataweza kusimama. Mimi niliwaona washamba.

Nilikuwa nimeshavuka miaka hamsini walipokuja wageni kwenye nyumba moja ya utamaduni huko mjini, wakaita wapiga picha wa mitaani tufundishwe kwa wiki mbili. Nitasema ukweli, nilienda kwa sababu ya chakula cha mchana. Mwalimu wetu, bibi mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alitufundisha kufunga madirisha yote na kuacha moja. Alitufundisha kumngoja mtu mpaka achoke kupozi, asahau mashine ipo. Alisema giza nalo ni sehemu ya picha. Nilimuelewa haraka, na niseme kwamba nilifurahi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimepiga pazia lile lile la maporomoko na moyo ulikuwa umekauka. Alipotazama kazi yangu ya wiki ya pili aliniita msanii. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nilirudi Hewa Bora kichwa kimevimba, sikatai.

Mke wangu, Mama Régine, ndiye niliyemwonyesha kwanza. Aliisogeza picha karibu na mlango, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Courant ilikatika?" akauliza.

Umeme ulikuwepo, na nilimkasirikia siku nzima. Nilijiambia watu wetu hawajui sanaa, watafundishwa polepole, na mimi ndiye nitakayewafundisha. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kuwa mjinga na huku anajifunza kitu cha kweli. Mwanga wa dirisha moja ni mzuri, sikudanganywa. Nilichosahau ni lile swali la Mzee Kalenga, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki na picha yake ya kilio nilikuwa nimeikuza mwenyewe: amesimama wima, viatu viwili.

Basi Mwansa alikuja katika siku hizo. Alikuwa creuseur, wale vijana wanaoshuka mashimoni kwa kamba na sururu kutafuta madini. Alipanga chumba na wenzake wawili karibu na mto Naviundu. Kwao kulikuwa Kilwa, hii yetu ya ziwani, si ile ya pwani, na alikuwa na miaka sita hajarudi, kwa sababu ya barabara na kwa sababu kila mwaka alijiambia atarudi akiwa na kitu mkononi. Alikuja amevaa suti ya kijivu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa. Alieleza anachotaka bila kuulizwa: picha moja amesimama, ya kumpelekea mama yake. Kulikuwa na mfanyabiashara wa samaki anayerudi Kilwa ambaye angeibeba.

Nilimtazama usoni. Alikuwa na mfupa wa shavu uliochomoza, na vumbi la shimoni lilikuwa limeingia kwenye ngozi kiasi kwamba maji hayakuweza tena kulitoa. Niliona picha ya sanaa imeingia kwa miguu yake yenyewe. Nikamwambia avue koti. Nikafunga dirisha la kushoto kwake kwa blanketi, nikamkalisha kwenye kiti, dirisha la kulia likamwangaza shavu, upande wa pili ukazama gizani kabisa. Mchana wote ulikwisha pale. Mara mbili aliniomba nimpige amesimama. Mara ya kwanza nilimwambia angoje kidogo. Mara ya pili nilimwambia picha za kusimama ni za watu waliokufa.

Maneno hayo niliyatamka mimi, kwa mdomo huu. Alicheka kidogo, akageuza shavu kuelekea dirishani. Nilikuwa na umri wa baba yake, angefanya nini?

Jua lilipoondoka dirishani nilimwambia inatosha. Picha ile ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na nasema hivyo hata leo. Wale wageni waliichagua, wakaikuza ikawa na ukubwa wa mlango, wakaitundika kwenye maonyesho yao. Siku ya ufunguzi Mwansa alikuja na wenzake wawili, amevaa ile suti. Watu wa mjini walikuwa wameshika glasi, wanazungumza kuhusu hadhi na kimya na mateso ya ardhi. Mwansa alizunguka chumba kizima akijitafuta. Alipita mbele ya picha yake mara moja bila kujitambua. Mwenzake ndiye aliyemvuta shati.

Alisimama pale kwa muda mrefu. Niliwaza kwamba amezidiwa na furaha. Kisha akanijia polepole, akaniuliza kwa sauti ya chini, asinitie aibu mbele ya wageni.

"Papa, pande ingine iko wapi?"

Nilimwambia ipo, mtu anayetazama ndiye anayeijaza mwenyewe kichwani, na huo ndio uzuri wake. Alifikiri jambo hilo kwa uaminifu kabisa, akilitazama lile giza.

"Mi naelewa kidogo," akasema. "Lakini mama yangu, yeye atajaza na nini? Miaka sita hajaniona."

Kuna bwana mmoja alikuwa ananivuta mkono anitambulishe kwa mtu. Nilimwambia Mwansa aje studio Jumatatu, nitampiga hiyo ya kusimama. Akajibu kwamba Jumatatu ana zamu shimoni, atakuja Jumamosi. Nikasema sawa, Jumamosi. Nikageuka kwa yule bwana.

Shimo liliporomoka Alhamisi. Walikuwa chini watu watatu, Mwansa mmoja wao. Waliwatoa siku ya pili yake, na walivyokuwa wamekandamizwa, ndugu waliamua jeneza lisifunguliwe. Simu yake ilikuwa naye chini, kadi ya mpiga kura yenye sura yake ilikuwa naye mfukoni, vyote vikawa matope. Wenzake wa chumbani walipekua simu zao: Mwansa kwa mbali na kofia, Mwansa na miwani ya jua, Mwansa amegeuka anacheka na kiganja mbele ya uso. Picha pekee aliyokuwa nayo mama yake ilikuwa ya komunyo ya kwanza, ana miaka kumi.

Jumamosi ile ile aliyoniahidi, aliyeingia studio alikuwa mjomba wake, Papa Kapya, mzee aliyekuwa akiishi hapa mjini. Alisema amesikia kwamba mimi ninayo picha kubwa ya mpwa wake, na ameambiwa kwamba watu walikwenda kuitazama. Mama alikuwa njiani kutoka Kilwa juu ya lori la samaki, ni masika, barabara imekatika mahali pawili, labda atafika kesho kutwa. Walikuwa wanamngojea yeye tu ndipo wazike. Hataruhusiwa kumwona mtoto wake. Angalau akute sura.

Nilimwonyesha picha. Papa Kapya aliitazama na kuguna, kisha akaweka kidole juu ya lile giza.

"Papa Photo, washa taa pande iyi."

Alidhani kompyuta inaweza. Nami nilijaribu, nikiwa nimekaa mbele yake kama mwanafunzi. Niliongeza mwanga hadi mwisho. Vijana, ninyi mnajua: giza likiwa giza kamili, mashine haikuhifadhi kitu ndani yake. Zilitoka chembechembe za zambarau, basi. Hapakuwa na jicho, hapakuwa na sikio. Nilitafuta picha nyingine za mchana ule, zaidi ya mia moja, nikiamini kwamba lazima kuna moja aliyogeuka. Zote zilikuwa na blanketi lile lile dirishani. Nilikuwa nimefanya kazi kwa umakini sana.

Nikafanya kile ninachojua. Nilikata uso katikati ya pua, nikachukua nusu yenye mwanga, nikatoa nakala yake, nikaigeuza kama kwenye kioo, nikaiunga na mwenzake. Nikalainisha mshono kwenye paji la uso na kidevuni. Nikamvalisha koti la kijivu kutoka kwenye picha ya mtu mwingine. Kazi hiyo ilinichukua hadi jioni, na ilipokamilika sikuona mshono hata mimi. Papa Kapya aliporudi kuichukua aliitazama muda mrefu, akaanza kusema kitu, akaacha. Akasema tu kwamba Mwansa anaonekana kijana safi.

Mama Mwansa alifika siku ya tatu, matope hadi magotini. Nilikuwa nimekaa na wanaume chini ya turubai uani. Wanawake walimpokea kwa kilio hadi ndani, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nilimwona anaanguka juu ya jeneza, halafu anainua kichwa na kukutana na picha. Wanawake, mmoja baada ya mwingine, wakaacha kulia. Aliichukua fremu kwa mikono miwili, akaileta karibu.

"Iyi jicho haiko yake," akasema.

Papa Kapya aliinama, akamwambia ni wino wa mashine tu. Mama akatikisa kichwa. Akaeleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mtoto huyu, mwaka uliofuata komunyo yake, alirukiwa na mafuta ya kukaangia samaki, jicho la kushoto likabaki dogo, limefumba kidogo, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika kile kikaango. Kila alipomtazama alilitazama kwanza jicho hilo. Ndipo nilipoelewa kile ambacho mjomba alikuwa ameanza kusema akaacha. Na mimi niliyekaa na kijana huyo mchana mzima, mita moja na nusu kutoka usoni pake, sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimeliziba dirisha la upande huo kabla hajakaa.

Hakukuwa na picha nyingine. Msafara ulikuwa unangoja, makaburi yana saa zake. Mama aliirudisha fremu juu ya jeneza mwenyewe, akanyoosha utepe. Njiani watu walisema picha ni nzuri, mtu mwenyewe kabisa. Wengine waliniuliza kama naweza kuwatengenezea ya namna hiyo. Nilitembea nyuma ya msafara, na sikumwendea mama yule. Niliogopa.

Baada ya hapo niliendelea na kazi miaka michache. Bado nilipiga picha za dirisha moja, sikuziacha, nazipenda. Ila kila aliyeingia nilimpiga kwanza ya kwake: amesimama, anatazama mbele, masikio, viatu. Nikishaimaliza hiyo na kuihifadhi ndipo namuuliza kama anaweza kunipa dakika chache za kwangu. Wengi walikubali. Ninyi leo mnalainisha ngozi na kupunguza pua kwa kidole kimoja kabla hata mtu hajaondoka mbele yenu, na yeye anafurahi, anawapigia makofi. Fanyeni, lakini ile ya kwanza, yenye pua yake, msiifute. Na mtazameni mtu kwa macho kabla ya kumtazama kwa mashine. Mimi nilikuwa na macho mazuri wakati ule, na sikuyatumia.

Mwaka jana, kiangazi, Mama Mwansa alikuja nyumbani. Studio nilikuwa nimeshafunga, alielekezwa na majirani. Alikuwa ameleta samaki wakavu amefunga kwenye karatasi, akampa Mama Régine. Niliketi nikijua kwamba sasa atanitukana, na nilikuwa tayari, karibu nilitamani. Hakunitukana. Alisema ile picha iko ukutani kwake Kilwa. Wajukuu waliozaliwa baadaye wanamjua mjomba wao kwa sura hiyo, wanamsalimia asubuhi.

"Mbele, kabla ya ile photo, nikifunga macho, nilikuwa namuona yeye," aliniambia. "Sasa naona photo. Hata mu ndoto anakuyaka na macho mbili sawasawa, kama vile ulimutengeneza. Ile jicho yake, mi najua ilikuwa kadogo. Lakini siione tena."

Mama Régine alikuwa amesimama na karatasi ya samaki mkononi, hakwenda jikoni.

"Nimeuliza ndugu yangu, nimeuliza barafiki yake, kila muntu anasema yake," aliendelea. "Njo nikasema nikuulize wewe. Kazi yako ilikuwa kuangalia bantu. Siku nzima alikaa mbele yako. Niambie tu, Papa, ile jicho ilikuwa namna gani?"

Nilimwambia sijui.